Shangazi Ou na Machicha ya Njia Panda

Wanaume wa mji wetu walikuwa na namna yao ya kuingia duka la dawa la Mtaa wa Kisima. Kwanza walipita mbele ya mlango kama watu wanaokwenda kwingine. Halafu walirudi, wakasimama kusoma bei za uyoga zilizoandikwa ubaoni, uyoga ambao hawakuwa na haja nao hata kidogo. Mwisho waliingia, wakasogea mpaka kwenye kona ya kaunta, wakamtelezeshea Ou Guizhen cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne, kisha wakageuka kutazama barabarani.

Guizhen alikikunjua, akakisoma bila kuinua nyusi, akavuta droo ya kwanza. Wapo waliojaribu kumweleza kwamba dawa ile ni ya jirani. Yeye aliwauliza jirani huyo ana miaka mingapi, kwa kuwa kipimo huenda na umri, nao walimtajia umri wao wenyewe, na mwezi wa kuzaliwa juu. Hakucheka. Aliwafungia pakiti zao saba, akawaeleza namna ya kuchemsha, akawatakia siku njema. Mumewe, Nie Shoucheng, fundi viatu, alikuwa akisema kwamba nusu ya wanaume wa mji huu walimwonea haya mkewe kuliko walivyowaonea haya wake zao.

Nimekaa mtaa huu tangu nizaliwe, na nimewaona watu wengi wakisifiwa kwa maneno waliyosema. Guizhen namwandika kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasema.

Aliingia dukani mwaka 1965 akiwa na miaka kumi na sita, mwanamke wa kwanza kusimama nyuma ya kaunta ile. Mji wetu unaishi kwa dawa. Mizizi, magome na mbegu hushuka hapa kwa Mto Gan kutoka milimani, hukatwa, hukaushwa, huuzwa kusini na kaskazini, na mtoto wa hapa huijua harufu ya tangawizi mwitu kabla hajajua kufunga viatu. Fundi aliyemfundisha, mzee Xiong, hakuwa mtu wa kucheka. Mwaka mzima alimfanya akate mizizi ya ua la peoni, mpaka vipande vikawa vyembamba kiasi kwamba ukipumua karibu navyo vinaruka. Mwaka wa pili alimfunga macho kwa kitambaa, akawa anamwekea kiganjani dawa moja moja, aitaje kwa kuipapasa na kuinusa. Mwaka wa tatu ndipo alipompa mizani ya mkono, ile yenye ufito mwembamba na sahani ya shaba, akamwambia kwamba sasa anaweza kuua mtu, kwa hiyo awe na adabu.

Na kweli alikosea, akiwa na miaka ishirini. Mama mmoja kijana, aliyekuwa amejifungua na maziwa hayatoki, aliona aibu watu wajue. Akamwomba Guizhen aandike juu ya pakiti jina la baba mkwe wake badala ya lake. Guizhen akamhurumia, akaandika. Kule nyumbani yule mzee, ambaye naye alikuwa na kikohozi na alikuwa anangojea dawa, aliliona jina lake, akachemsha, akanywa siku tatu. Hakudhurika. Ila alipoambiwa amekunywa nini, alishinda wiki nzima akijipapasa kifua, na hakupita tena mbele ya duka kwa miaka miwili. Mji mzima ulicheka. Xiong hakucheka, kwa sababu siku zile tatu mtoto alilia njaa. Alimtuma Guizhen nyumba ile akachemshe dawa ya kikohozi ya mzee kwa mikono yake siku saba, uani, majirani wakimtazama.

Tangu hapo alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: juu ya pakiti huandikwa jina la mtu atakayeinywa, si la mwingine. Ya pili: jina hilo halitoki mdomoni mwake. Kanuni hizi zilikaa naye bila kugombana kwa miaka ishirini na saba, hadi mwaka 1996 zilipogombana mbele ya watu wote kwenye njia panda, naye akiwa amebakiza miaka mitatu tu apate pensheni.

Mwaka ule, mwezi mmoja baada ya sikukuu ya mwaka mpya, aliingia dukani Tu Wenbin, kijana wa miaka thelathini na moja, mchochea moto katika tanuri la matofali. Hakusoma bei za uyoga. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona. Cheti kilikuwa cha Daktari Deng, na Guizhen alikijua kabla hajafika mstari wa pili: matunda mekundu ya goji, mbegu za mlangamia, tunda la ladha tano, mbegu ndogo nyeusi za yale majani yanayoota njiani mwa magurudumu, na lile tunda ambalo wazee wanaliita la kupindua chungu, kwa sababu inasemekana aliyelila alikojoa kwa nguvu mpaka akakipindua chungu cha chumbani. Mbegu tano pamoja. Ni dawa ya wanaume wanaotafuta mtoto, ya zamani sana, na katika mji wetu hakuna mtu aliyewahi kugusa kisu cha kukatia dawa asiyeijua.

Wenbin na mkewe, Jian Yulian, walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Hospitali ya wilaya ilikwisha kuwapima wote wawili. Yulian hakuwa na kasoro. Mbegu za Wenbin zilionekana ni chache, na hizo chache zilikwenda kwa uvivu. Daktari Deng alimshika mapigo mikono yote miwili, akamwandikia dawa, akamwambia pia aache sigara, aache pombe ya mtama, na atafute kazi nyingine mbali na mdomo wa tanuri, kwa kuwa hakuna kitu cha uzazi kinachopenda kuchomwa.

Guizhen alipima, akatandaza karatasi saba, akagawa kila dawa katika mafungu yasiyochanganyika ili mwenzake aje ayakague, kama inavyotakiwa. Alipochukua kalamu kuandika jina, Wenbin alimshika mkono wa shati.

"Shangazi, andika Jian," alisema. "Andika jina la mke wangu."

Guizhen akamwuliza kama ni mkewe atakayekunywa.

"Mama ndiye anayechemsha kila kitu pale nyumbani," Wenbin akasema. "Akiona jina langu, mimi nimekwisha. Yulian amekubali. Ni mwezi mmoja tu, Shangazi."

"Amekubali nini?"

"Aonekane ni yake."

Guizhen aliandika Tu, mwanamume, miaka thelathini na moja, kwenye kila pakiti, akafunga kamba. Wenbin alizichukua bila kuaga. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikwenda nyuma ya soko la samaki, akazifungua zote, akazifunga upya kwa gazeti.

Nitasema wazi ninavyomwona. Kijana yule hakuwa mbaya. Alimpenda mkewe, hakumpiga, hakulewa nje. Lakini alimwomba mwanamke ambaye hana kosa abebe aibu ambayo si yake, tena nyumbani kwa mama mkwe, mahali ambapo aibu haiwekwi chini hata wakati wa kula. Hilo ni kosa, na halipungui kwa kuwa mke alikubali.

Na mwezi mmoja ukawa miezi mitano. Kila asubuhi Bibi Fan, mama yake Wenbin, alichemsha dawa, akammiminia Yulian bakuli. Yulian alilipeleka chumbani, Wenbin akanywa, bakuli likarudi tupu. Na Bibi Fan, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliutangazia mtaa kwamba yeye anahangaika na kuku asiyetaga. Aliyasema hayo sokoni, kwenye foleni ya mafuta, na mbele ya mkokoteni wa tofu ambao Yulian mwenyewe alikuwa akiuzia. Yulian alikata tofu, akarudisha chenji.

Siku moja aliyasema dukani, mbele ya Guizhen. Alimweleza yote, kisha akaegemea kaunta, akapunguza sauti mpaka watu wa mlangoni tu ndio waliosikia.

"Dada Ou, wewe ndiye unayefunga dawa yake. Hebu niambie, ni kizazi kimepoa, au ni kitu gani?"

"Ninachokifunga, Bibi, nikishafunga kamba nimekisahau," Guizhen alimjibu, akaendelea kutwanga.

Bibi Fan aliondoka akisema watu wa duka siku hizi wana maringo. Guizhen alitwanga mpaka kinu cha shaba kikalia kama kengele ya shule, na jioni hakula vizuri. Alimwambia mumewe kwamba kuna nyumba inamla roho. Nie hakuuliza nyumba gani. Alikuwa na miaka ishirini na minne ya kutouliza.

Sasa kuna machicha.

Kwetu, dawa ikishachemshwa na kuchujwa, machicha hayatupwi jalalani. Humwagwa barabarani, penye watu wengi, ili kila mpita njia ayakanyage na kuuondoa ugonjwa kwa nyayo zake. Nyayo zikiwa nyingi, mgonjwa anapona haraka. Bibi Fan alikuwa mtu wa desturi, na alitaka mjukuu upesi, kwa hiyo mwezi wa tano aliacha kumwaga mbele ya nyumba yake tu. Kila alfajiri alibeba chungu mpaka kwenye njia panda ya Kisima, njia yenye nyayo nyingi kuliko zote.

Hakufikiri jambo moja. Pale kwenye njia panda ndipo wanapokaa wakataji dawa waliostaafu. Saa moja asubuhi wanakula tambi zao za mchele kwa pilipili, saa mbili wanatandika ubao wa sataranji, na hawaondoki mpaka jua liwafukuze. Watu wale wanayasoma machicha kama wengine wanavyosoma gazeti. Wakiona ganda la chungwa na chaza wanajua nani ana kifua, wakiona mizizi fulani wanajua nani halali. Na mbegu ya mlangamia ikichemshwa hupasuka, ikatoa uzi mweupe uliojikunja kama mnyoo mdogo. Mkataji mmoja tu akiinama, basi mtaa wote ungejua ni nani mgonjwa nyumbani kwa akina Tu.

Guizhen aliyakuta asubuhi moja akienda kazini. Alisimama. Aliona nyuzi nyeupe, akaona kile kifuko cha kitambaa ambacho mbegu ndogo nyeusi huchemshiwa ndani yake ili zisielee. Akatazama huku na huku, akaingia kwa mfagizi wa barabara, akaazima ufagio.

Kuanzia siku hiyo alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na ufagio wake mwenyewe. Bibi Fan akimwaga, akigeuka, Guizhen anafagia. Nimejiuliza mara nyingi kama alifanya haki. Kwa kufagia alimficha mwenye kosa, na asiye na kosa akaendelea kutukanwa. Nie naye, alipoona ufagio unatoka kila alfajiri, alimwambia hivyo hivyo: siri nyingine zinastahili kumwagika. Guizhen alijibu kwamba huenda ni kweli, lakini mwenye kuimwaga si yeye. Mtu alikuja kwenye kaunta yake na cheti kilichokunjwa. Akivunja kwa huyu mmoja, hata kwa sababu nzuri, yule wa kesho hataleta cheti. Atakwenda kwa wauza chupa wa stendi ya basi, wanaotibu kila kitu kwa uume wa paa uliolowekwa kwenye spiriti.

Bibi Fan alichukua siku tisa kugundua kwamba machicha yake yanatoweka. Alidhani kwanza ni mbwa, halafu mvua. Siku ya kumi aliona kwa mbali mtu anayefagia, akamtambua kwa mwendo kuwa ni Guizhen. Hakumfuata. Alikwenda kwa mkuu wa duka, akamwambia kwamba mfanyakazi wake anazuia ugonjwa usitoke nyumbani kwake, anafagia uzao wa ukoo wa Tu, na kama hilo si roho mbaya basi yeye afundishwe jina la jambo hilo. Habari zilienea kabla ya chakula cha mchana. Wanawake wawili waliacha kununua kwa Guizhen. Mkuu wa duka, mtu mwoga lakini si mwovu, alimwita, akamwambia achague: aende akamweleze Bibi Fan kwa nini anafagia, au akabidhi mizani mwisho wa juma.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Akieleza, amevunja neno lake, na hakuna mwanaume atakayemwamini tena. Akinyamaza, anaondoka kwenye kaunta baada ya miaka thelathini na moja, akiitwa mwanamke aliyeifungia nyumba ya watu mlango wa mtoto.

Siku ya pili yake, alfajiri, alichukua ufagio kama kawaida.

Bibi Fan alikuwa amejificha nyuma ya mkokoteni wa tofu wa Yulian, na safari hii alikuwa amechelewa kumwaga kwa makusudi, ili mashahidi wawepo. Wazee walikuwa wamekwisha kufika, mabakuli ya tambi mikononi. Guizhen alipopiga ufagio mara ya kwanza tu, Bibi Fan alijitokeza na chungu chake kikiwa bado na nusu ya machicha, akamshika ufagio katikati. Alisema aliyoyasema, na sitayaandika yote. Alimwuliza ana watoto wangapi. Wawili, wavulana, kila mtu alijua. Basi kama wewe unao, akasema, kwa nini unaufagia uzao wa mwenzako?

Guizhen alijaribu kuuvuta ufagio wake.

"Mnaona? Hana la kusema," Bibi Fan aliwaambia wazee. Akakipindua chungu katikati ya njia, mvuke ukapanda. "Basi leo yatakaa hapa hapa. Mzee Pi, njoo uwe shahidi. Njoo utazame mali niliyogharamia, halafu huyu anaitia jalalani."

Mzee Pi alikuwa amekata dawa miaka arobaini. Aliweka bakuli lake chini, akaja, akainama, mikono magotini. Akaokota kitu kati ya vidole viwili, akakisogeza machoni. Uzi mweupe ulining'inia. Akakitazama kile kifuko cha kitambaa. Kisha akajiinua polepole, akamtazama Yulian aliyekuwa amesimama na kisu cha tofu mkononi, akamtazama Bibi Fan.

"Bibi Fan," alisema, "hii dawa anakunywa mkaza mwana wako?"

"Sasa nani? Namwona kwa macho yangu akiingia nayo chumbani."

Mzee Pi alikohoa. Alisema macho yake siku hizi yamezeeka, ni mizizi tu ya kawaida, hata haitambui. Akaitupa ile mbegu. Akaja mwenzake, akainama, akakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akainuka akasema miwani ameisahau nyumbani. Ilikuwa usoni pake. Akaja wa tatu, akadai jua linampiga, na mbingu yote ilikuwa imefunga mawingu. Katika mtaa ambao hata watoto wanatofautisha gome la mdalasini kwa kulamba, asubuhi ile hakukuwa na mtu mmoja aliyeweza kutofautisha mbegu na kokoto.

Bibi Fan hakuwa mjinga. Aliona wanamficha kitu. Ila alidhani kingine.

"Ni sumu," alisema, na sauti yake ile ya kuvuka mto ikawa ndogo ghafla. "Umemtilia sumu mtoto wa watu miezi mitano, ndiyo maana unafagia. Naenda kituo cha polisi, Dada Ou. Naenda sasa hivi na chungu changu."

Hapo Guizhen alisema kwa mara ya kwanza.

"Nenda nacho. Wataikuta ni dawa iliyoandikwa na daktari, gramu kwa gramu. Wakitaka kujua imeandikiwa nani, wamwulize mwenyewe. Mimi siwezi."

"Mwenyewe huyu hapa. Yulian, sema."

Yulian aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye aproni, kila kidole peke yake. Alikuwa akitazama juu ya bega la mama mkwe wake, upande wa nyumba yao, na watu waliokuwa karibu walifuata macho yake.

Wenbin alikuwa anakuja kutoka kule, na bakuli. Siku ile mama yake alikuwa ametoka mapema kwa ajili ya mtego, Yulian akaondoka na mkokoteni, bakuli likabaki mezani, naye aliposikia kelele alilinyakua ili lisionekane limeachwa limejaa. Alifika akasimama pembeni. Alimwona Guizhen ameshikwa ufagio. Aliwaona wazee ambao walikuwa wamemjua tangu akiwa amefungwa mgongoni, na kila mmoja wao alikuwa anatazama kiatu chake. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba wanajua, wote, na kwamba wanangoja kuona yeye ni mtu wa namna gani.

Alikunywa. Alikunywa lote mbele yao, na ile dawa ni chachu kiasi cha kufumba macho, lakini hakufumba.

"Ni yangu, mama," alisema. "Yulian hajawahi kuionja hata tone. Hospitali walisema ni mimi. Yeye hana kitu."

Bibi Fan alikiangalia chungu, kisha bakuli.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hakuna aliyecheka, na kwa mtaa wetu hilo ni jambo la kuandikwa. Bibi Fan aliuachia ufagio. Alimtazama Yulian. Kisha akainama, mwanamke wa miaka sitini na mbili, akayatandaza machicha kwa mikono yake miwili mpaka yakaenea njia nzima. Akanyooka.

"Mzee Pi," alisema, "umesimama unangoja nini? Kanyaga."

Mzee Pi akakanyaga. Wenzake wakamfuata, na mabakuli yao ya tambi, wakazunguka pale kama watu wa harusi. Muuza mboga akaisukuma baiskeli yake juu ya machicha mara mbili. Nie, aliyekuwa amekuja mbio na nyundo ya viatu mkononi kumtetea mkewe, akakuta hakuna wa kupigana naye, akakanyaga na yeye.

Msamaha wa Bibi Fan haukuwa wa maneno, kwa sababu maneno yake Yulian alikuwa amekwisha kuyasikia ya kutosha. Kesho yake aliusukuma mkokoteni wa tofu mwenyewe, na akauza, na aliyeuliza habari za mkwewe aliambiwa kwa sauti kamili kwamba mkwe wake ni mzima kama ng'ombe wa Mei, mgonjwa ni huyu mwanangu. Aliyesikia na asiyesikia aliambiwa. Mwezi mzima. Wenbin alimwomba Yulian amwombe mama apunguze. Yulian alijibu kwamba yeye alivumilia miezi mitano, mumewe amebakiza minne. Sijawahi kusikia hukumu iliyopimwa vizuri kuliko hiyo.

Mkuu wa duka alipita kwenye kaunta, akasema kwamba ile mizani ingekuwa vizuri ibaki mahali pake. Guizhen alimwambia hata hakuwa ameiweka chini.

Wenbin aliacha mdomo wa tanuri, akawa anapakia matofali kwenye mikokoteni. Aliacha sigara mara tatu, ya tatu ikashika. Alipokuja kuchukua pakiti nyingine alipita katikati ya kaunta, siyo konani, akasema mbele ya foleni yote aandikiwe jina zima, tena kwa herufi kubwa. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanaume wanne. Wawili wao siku ile waliacha kusema dawa ni ya jirani. Mmoja, mwenye duka la baiskeli, aliuliza kwa sauti ya kawaida kama lile jani la mbuzi, la kuongeza nguvu za kiume, linafaa mtu wa miaka hamsini, na Guizhen akamwambia kwanza aende kwa daktari, jani si chumvi.

Mtoto alizaliwa majira ya baridi ya mwaka uliofuata, msichana. Daktari Deng anasema ni mbegu tano. Yulian anasema ni sigara na tanuri. Bibi Fan hataki kusikia ya wote wawili, kwa sababu yeye anajua ni nyayo za njia panda, na kila akipita pale na mjukuu mgongoni huwaonyesha wazee mtoto wao. Mimi si daktari. Nimeona wengine wakanywa dawa ile ile na wasipate, na sitamdanganya mtu.

Guizhen alistaafu mwaka 1999. Juma lake la mwisho dukani Wenbin aliingia na cheti, na mtoto mkononi ana kikohozi. Guizhen alipima, akagawa, akaita mwenzake akague. Aliandika: Tu, msichana, mwaka mmoja. Bibi Fan, aliyekuwa amefuata nyuma, aliuliza kwa sauti yake ile kama mtoto wa jirani, yule anayekohoa usiku, naye amechukua dawa hapa.

Guizhen akavuta kamba, akafunga fundo, akaikata.

"Bibi," alisema, "nimekwisha kufunga."